Darasa Lisilopiga Makofi

Kuna siku moja ya Juba, kule Sudan Kusini, ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na nadhani ndiyo inayojibu swali lako. Uliniuliza jana tukichambua mboga jikoni: mwalimu afanye nini wanafunzi wake wakianza kugawanyika darasani kwa mambo mazito ya nyumbani, nani kadhulumiwa, nani kadhulumu, ardhi ya nani ilichukuliwa na nani? Ukasema mwalimu mkuu wako amewaambia mnyamaze tu. Nilikwambia nitakujibu nikipata nafasi ya kukaa. Basi leo nimekaa. Vuta kiti, na hiyo simu iweke chini.

Wakati huo nilikuwa kijana, sina hata mvi moja, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko sasa, ingawa najua utacheka. Vita vya kule vilikuwa vimekwisha, mkataba wa amani umetiwa saini, na sisi Wakenya tukaingia Juba kwa wingi, huyu benki, yule hotelini, mwingine kwenye mashirika. Mimi nikaingia na chaki yangu katika shule moja ya msingi mtaa wa Nyakuron. Nilipewa darasa la nane. Usidhani ni watoto kama wako. Vita vilikuwa vimekula miaka yao ya shule, kwa hiyo ungemkuta msichana aliyekwisha kuvunja ungo zamani anahangaika na sehemu na desimali, na kijana mwenye ndevu ananyoosha mkono aombe ruhusa ya kwenda haja.

Darasa hilo lilikuwa na makundi mawili. Kuna waliokuwa wamerudi kutoka Uganda walikokuwa wakimbizi, hao walijua Kiingereza na Kiswahili cha upande wa Uganda. Na kuna ambao hawakuwahi kutoka Juba, walikaa humo humo mji ukiwa umezingirwa, na lugha yao ilikuwa Kiarabu cha Juba. Wakigombana waliitana "waliokimbia" na "waliobaki", na kila neno kati ya hayo lilikuwa tusi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa viwanja. Mtu alikimbia na wanawe akaacha nyumba yake, miaka ikapita, watu wengine waliofukuzwa na vita vijijini wakaingia mjini, wakawekwa ndani ya nyumba ile. Sasa amani imekuja, mwenyewe anarudi na mizigo yake, anakuta sufuria za wengine jikoni kwake. Hakuna mtaa uliokosa kisa hicho. Na wazazi walipogombana jioni, watoto walikuja na ugomvi huo asubuhi, tena wakiuongezea chumvi.

Nilikuwa na wasichana wawili ninaotaka uwajue. Poni alikuwa amerudi kutoka Uganda na babu yake. Wazazi wake hakuwa nao tena. Msichana mrefu, mkali wa hesabu, akiongea humkatizi. Mwingine ni Rebeka, aliyebaki Juba na mama yake mjane. Huyo alikuwa mpole, anaandika mwandiko mzuri ajabu, na kila siku alinukia tangawizi kwa sababu kabla ya shule alimsaidia mama yake kuuza chai soko la Custom. Babu yake Poni alikuwa na kiwanja hapo Nyakuron, na aliyekuwa akiishi ndani yake ni mama yake Rebeka. Poni na babu yake walikuwa wamepanga chumba mtaa wa pili, wanapita mbele ya geti lao wenyewe kila siku kama wageni. Rebeka na Poni walijua. Darasa zima lilijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Sasa tulikuwa na mwalimu mwenzetu, Mkenya pia, anaitwa Otieno. Mtu mzuri, mcheshi, shati limepigwa pasi hata siku ambayo stima haipo, sijui alikuwa akifanyaje. Otieno alipenda midahalo kuliko chakula. Huko kwetu, wewe mwenyewe unajua, mdahalo ndio sherehe ya Ijumaa: upande huu unaunga mkono, upande ule unapinga, mwenyekiti anagonga meza, waamuzi wanatoa alama na mwishoni upande mmoja unabebwa juu. Otieno akaona ugomvi wa viwanja unavyochemka pale kwenye bomba la maji, akasema dawa ni kuutoa nje watu wauone. Akaandika ubaoni hoja: "Nyumba ni ya aliyeiacha, si ya aliyeitunza." Akamchagua Poni awe msemaji mkuu wa kuunga mkono. Sikupinga, na nilikaa nyuma nikitafuna karanga zangu.

Mwanangu, Poni aliongea siku hiyo. Aliongea mpaka mabati yakasikia. Na kadiri darasa lilivyopiga makofi ndivyo alivyozidi kupanda, mpaka mwisho akanyoosha kidole akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, hatuna haja ya kwenda mbali. Humu ndani yumo mtu anayelala kwenye chumba cha nyanya yangu." Vichwa vyote vikageuka kwa Rebeka. Makofi yakapigwa, meza zikagongwa, na Otieno, kwa sababu kanuni za mdahalo ndivyo zilivyo, akampa Poni alama za juu. Rebeka akafunga mkoba wake taratibu, akainuka, akatoka. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Na mtihani wa kumaliza darasa la nane ulikuwa mlangoni.

Mwalimu mkuu alipopata habari alitaharuki. Na simlaumu sana, alikuwa na shule ya watu waliotoka kupigana. Akasimama paredi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu kutamka neno kiwanja, wala nani alikimbia, wala nani alibaki. "Hapa ni shule," akasema, "hayo mengine yaacheni getini." Wakasema ndiyo bwana. Lakini nilipoingia darasani nilikuta madawati yamesogezwa. Waliorudi wamekaa upande wa madirisha, waliobaki wamekaa upande wa ukuta, na katikati wameacha njia ambayo hakuna aliyekanyaga isipokuwa mimi. Hapakuwa na kelele yoyote. Nilifundisha siku hiyo nikihisi baridi, na Juba unajua haina baridi.

Pale shuleni mwalimu mkuu msaidizi alikuwa Mama Keji, mwanamke wa makamo aliyefundisha miaka mingi kwenye makambi ya wakimbizi Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, anakiongea anavyotaka, na wala hakukuomba radhi. Alitukuta mimi na Otieno ofisini tukibishana. Otieno anasema marufuku ile ni ya woga, watoto wana haki ya kusema. Mimi nasema angalau marufuku imeleta utulivu. Tulikuwa tumepandishiana sauti, kila mmoja na hoja zake. Mama Keji akaweka kikombe chake chini.

"Nyinyi iko na maneno mingi," akasema. "Sasa Rebeka iko wapi?"

Otieno akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye.

"Wewe Otieno, jambo ya watu kulia wewe ilifanya kama mpira. Lazima mmoja ashinde. Headmaster naye, anafunga mlango, anasema moshi hakuna. Na wewe madam, unafurahi kwa sababu darasa ni kimya. Hata nyumba ya matanga ni kimya." Kisha akanitazama mimi peke yangu. "Mtoto ni ya darasa yako. Enda tafuta yeye."

Niliona haya, na nilikasirika pia, nisikufiche. Nani anapenda kuambiwa ukweli mbele ya mwenzake? Nilijitia hamnazo mpaka saa ya kutoka, nikapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Halafu nikachukua boda boda nikaenda Custom.

Niliwakuta kando ya barabara ya mabasi madogo, mama na binti, na jiko la makaa, na vigoda vya plastiki vya wateja. Rebeka aliponiona aliinamisha uso akaanza kuosha bilauri zilizokuwa safi. Mama yake akanipa kigoda na chai, akakataa nisilipe. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji, hivyo Rebeka akawa ananitafsiria maneno ya mama yake.

Mama huyo hakuanza na kiwanja. Alianza na siku walipofika Juba wakikimbia mapigano ya kijijini, mume amekufa, watoto wawili mkononi, na askari wakawaonyesha nyumba isiyo na mtu wakawaambia kaeni hapa. Paa lilikuwa nusu. Uani, karibu na jiko, palikuwa na kaburi la mtu wasiyemjua, limezungushiwa mawe. Aliogopa, akaomba Mungu, akalifagia. Mwaka ule mtoto wake mdogo wa kiume akashikwa na homa, mji umefungwa, dawa hakuna, akafa. Akamzika pale pale, ubavuni mwa lile kaburi. "Alikuwa mdogo," Rebeka akatafsiri. "Mama hakutaka alale peke yake." Na tangu hapo kila Jumapili kabla ya kanisa mama huyo hufagia makaburi yote mawili.

Nilishika ile bilauri mpaka chai ikapoa. Ningeweza kukimbia moja kwa moja kwa Poni nikamwambie. Ulimi uliniwasha. Lakini maneno yale hayakuwa yangu, na kama ningeyabeba mimi yangefika yakiwa hoja yangu. Nikamwambia Rebeka, "Rudi shuleni. Tutakaa, tutaongea upya, kwa namna nyingine. Ukitaka utasema, usipotaka hutasema, na hakuna atakayekutaja."

Alifikiri. Akasema, "Nitakuja, madam. Lakini wasipige makofi."

Ruhusa ilitafutwa na Mama Keji mwenyewe. Sijui alimwambia nini mwalimu mkuu, najua tu kwamba aliingia ofisini mwake kwa upole na mlango ukafungwa, na alipotoka akasema, "Kalas, imeisha, amekubali. Yeye atasimama kwa baraza asikie." Na kweli alisimama, mikono nyuma, akijifanya anakagua mifereji ya maji ya mvua.

Otieno naye alikuja. Nampenda kwa hilo mpaka leo. Yeye ndiye aliyebeba madawati, akayapanga kwa mzunguko, jasho likalowesha shati lake lile la pasi, na ile njia ya katikati ikapotea. Halafu akakaa chini kama mwanafunzi.

Mama Keji akaeleza kazi yake ilivyo, ile aliyokuwa akiifanya kambini watu wa makabila tofauti walipochukiana kwenye foleni ya chakula. Hakuna pande mbili. Hakuna mwamuzi. Humtaji mtu. Unasema lililokupata wewe, kwa lugha inayokutoka, na ukimaliza hakuna anayekujibu. Anayetaka kusema baada yako lazima kwanza akurudishie maneno yako, ulivyoyasema, mpaka wewe mwenyewe ukubali kwamba amekusikia. Akikosea, anarudia. Ndipo aseme lake.

Akaanza yeye, akasimulia jinsi alivyovuka mpaka na godoro kichwani, akamwacha mama yake mzazi aliyekataa kutembea. Kijana mmoja wa upande wa "waliobaki", yule mwenye ndevu, akamrudishia maneno. Akakosea, akasema Mama Keji alimtelekeza mama yake. "Hapana," Mama Keji akasema bila hasira, "sema tena." Akasema tena. Ilimchukua muda, na nikaona uso wake ukibadilika kadiri alivyotafuta neno la haki. Halafu akasema lake, la njaa ya mji uliozingirwa, na msichana wa kutoka Uganda akamrudishia. Tukaendelea hivyo. Ni kazi ya polepole, mwanangu, inachosha kuliko kulima.

Poni akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akasema nyanya yake alikufa wiki ile walipokuwa wakijiandaa kukimbia, wakamzika uani, karibu na jiko, babu akaokota mawe kwa mikono akalizungushia kaburi. Akasema Uganda miaka yote babu yake alikuwa akiuliza hewa kama yale mawe bado yapo. Na sasa wamerudi, babu anapita njia nyingine asione geti, kwa sababu anaogopa kukuta wamejenga choo juu ya mkewe.

Mama Keji akauliza nani atarudisha maneno hayo. Rebeka akainua mkono.

Aliyarudisha yote, hata mikono ya babu, hata choo. Poni akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo. Umenisikia." Ndipo Rebeka akasema lake kwa Kiarabu cha Juba, na hapo hapakuhitajika mkalimani, hata waliorudi walikuwa wamekwisha kukizoea. Akasema, "Mawe yapo. Mama yangu hufagia kila Jumapili. Ndugu yangu mdogo tumemlaza kando yake."

Zamu ya Poni kurudisha maneno. Alifungua mdomo, akaufunga. Mwanangu, nilitaka kumsaidia, nilishaegemea mbele, Mama Keji akanishika goti nisiseme. Tukangoja. Machozi yakamtoka yule msichana ambaye humkatizi, akayafuta kwa kiganja, akasema, neno kwa neno, kwamba mawe yapo, kwamba mama yake Rebeka hufagia kila Jumapili, kwamba kuna mtoto amelala kando ya nyanya yake. Rebeka akasema, "Ndiyo."

Na hakuna aliyepiga makofi. Hata mmoja. Nje kule barazani nikamwona mwalimu mkuu amevua miwani.

Usinielewe vibaya, sikuambii kwamba kulia kulimaliza kesi. Kiwanja kilikuwa cha babu yake Poni na kikarudi kwake. Haki ni haki, na mtu akisikilizwa vizuri haina maana kwamba cha mwenzake kimekuwa chake. Kilichobadilika ni namna. Jumapili iliyofuata yule mzee alipita njia yake ya zamani, akaingia getini, akakuta ufagio umeegemezwa kwenye mawe yake. Akakaa na mama yake Rebeka mpaka jua likageuka. Walikubaliana familia isisumbuliwe hadi mtihani uishe. Baadaye Rebeka na mama yake walipopata mahali pa kujenga mtaa wa Lemon Gaba, wajomba zake Poni, ambao mwanzoni walitaka kuleta askari, ndio waliobeba mabati. Mjomba mmoja alinung'unika njia nzima, lakini alibeba. Rebeka alifanya mtihani, akapita, na mwandiko wake ukasifiwa. Kaburi la mtoto lilibaki pale alipolazwa, na mama yake ana ruhusa ya kuingia saa yoyote.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana ndiyo uliyoifuata. Watoto wako watakuja darasani na dhuluma za nyumbani hata ukiziba mlango kwa saruji. Usiwanyamazishe. Lakini usiwapiganishe pia, ukaita hilo elimu. Jambo ambalo mtoto mmoja atapoteza kitanda chake kwa sababu yake si la kutolewa alama. Kabla hujalifungua, nenda kaonje chai ya nyumbani kwao, ujue ni nani darasani atakayeumia, na umuulize yeye kwanza. Usimtumie mtoto kuwa mfano. Wafundishe kurudisha maneno ya mwenzao mpaka mwenyewe aseme ndiyo, na wewe uwe wa kwanza kufanya hivyo, hata mbele ya mwalimu mkuu wako. Nenda kwake Jumatatu, umrudishie hofu yake vizuri mpaka aitikie, ndipo umwombe ruhusa. Na panga madawati kwa mzunguko wewe mwenyewe, usingoje mtu.

Kisha ngoja. Hapo ndipo walimu wengi tunaposhindwa, tunaogopa kimya tunarukia kukijaza. Mtoto akifungua mdomo akaufunga, mngojee.

Poni alinipigia simu mwaka jana. Ana watoto wake sasa, na yule mzee amekwenda kulala ubavuni mwa mkewe, upande wa pili, ule usio na mtoto. Nikamuuliza nani anayefagia siku hizi. Akasema Jumapili moja ni yeye, Jumapili nyingine ni Rebeka.

Mungu akupe masikio marefu na ulimi wenye subira, mwanangu. Akulindie kila mtoto anayeketi mbele yako, aliyekimbia na aliyebaki. Na siku darasa lako likinyamaza kwa sababu wamesikiana, Mungu akujalie uwepo.